Tisheti Isiyopimwa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Jamleck hakikuwa uso wake. Kilikuwa mshono wa tisheti yake, pale begani ambapo mkono unaungana na mwili. Mshono huo unatakiwa kulala mwisho kabisa wa mfupa wa bega. Wake ulikuwa umepanda vidole viwili kuelekea shingoni, na upande wa kulia ulikuwa umepanda zaidi ya ule wa kushoto. Nilikuwa nimeketi benchi la nyuma yake kanisani kwetu Mutuini. Kila alipoinua mikono kusifu, kitambaa kilivutika mgongoni kikatoa mikunjo kama paji la uso la mtu aliyekasirika, nami nikamwomba Mungu kisipasuke mbele ya washirika wote. Hayo ndiyo yalikuwa maombi yangu Jumapili ile. Mahubiri sikuyasikia.

Usinicheke. Kutazama mabega ya wanaume ndiyo kazi iliyonilisha.

Niliacha shule nikiwa darasa la tano, na kusoma kwangu mpaka leo ni kwa kidole, neno moja moja. Nilipokuja kukaa na dada yangu Philister, alinitafutia kazi mjini kwa mwanamke aitwaye Debra, aliyekuwa na kibanda katika jengo moja la ghorofa kando ya Barabara ya Moi, ghorofa ya pili, kati ya fundi wa simu na msichana wa viatu. Debra aliuza tisheti tu, na aliziuzia wanaume wa aina moja tu: wale wenye miili iliyojengeka. Walinzi wa vilabu, wachezaji wa raga, wabebaji wa mizigo, vijana wa jimu za Kilimani. Alisema wanaume hao wanateseka kimyakimya. Duka la kawaida huwapa nguo inayotosha kifua, na tumboni inapepea kama pazia. Wakichukua inayotosha tumbo, inawanyonga kwapani.

Siku yangu ya kwanza Debra alininyang'anya tisheti niliyokuwa nimeishika nikijaribu kusoma lebo yake. Aliniambia lebo ni mwongo. Saizi kubwa ya nchi moja ni saizi ya mtoto katika nchi nyingine.

"Na usimtazame mteja usoni," alisema. "Uso hauvai tisheti. Tazama mabega, halafu shingo, halafu mkono hapa katikati. Tumbo ni la mwisho."

Kwa msichana mwenye haya kama mimi, hiyo ilikuwa habari njema. Kazi ya kutowatazama watu usoni ningeiweza. Kwa miaka mitatu nilijifunza. Nilijua kwamba ukiona mkunjo unaopita kifuani kutoka kwapa hadi kwapa, hiyo ni ndogo, hata mwenyewe akikuapia kwamba imemkaa. Nilijua mkono mfupi uishie katikati ya msuli na ubaki na nafasi ya kupitisha kidole kimoja. Vikipita viwili, mwanamume anaonekana ameazima nguo. Shingo nene inataka nafasi iliyoshuka kidogo. Kitambaa kiwe kizito, maana chembamba kinamwanika mtu. Na ikiwa bega limekubali lakini tumbo limebaki kubwa, usimrudishe mteja. Chukua sindano, punguza ubavuni. Bega halirekebishiki kwa urahisi. Tumbo hurekebishika.

Mwishowe sikuhitaji futi ya kupimia. Mtu aliingia, nikatazama mara moja, nikanyoosha mkono kwenye rundo. Debra aliwaambia wateja kwamba nina ratili machoni.

Jamleck hakuwa mteja wetu. Alikuwa kitinda mimba wa Mama Macharia, mwenye ploti tuliyopanga mimi na dada yangu: vyumba kumi vya mabati, bomba moja uani, na nyuma yake ng'ombe wawili na shamba la nyasi. Kazi yake ilikuwa machinjioni kule Dagoretti. Tangu amalize shule alikuwa akibeba nusu za ng'ombe kutoka ndani hadi kwenye magari, na alizibeba kwa bega la kulia. Miaka saba ya nyama juu ya bega moja. Ndiyo maana bega lile lilikuwa limenenepa na kupanda, na la kushoto limebaki chini kwa upana wa kidole. Watu waliona kijana mwenye mwili. Mimi niliona tisheti zote anazovaa zikimkaa kombo.

Nisingemwambia kamwe. Tulipokutana bombani aliniambia, "Sasa, Ivyne," nami nikamjibu, "Poa," nikitazama ndoo.

Kilichobadilisha mambo ni jioni ya ushirika wa vijana. Huwa tunasoma Biblia kwa zamu, kila mtu mstari mmoja, kuzunguka chumba. Mimi hufika kwa kuchelewa kusudi zamu inipite. Siku hiyo nilichelewa vibaya: nilifika zamu ikiwa inakaribia kiti pekee kilichobaki, kando ya Jamleck. Nilihesabu watu na kuutafuta mstari wangu. Ulikuwa na majina ya watu na ya miji, marefu, ya kuvunja meno. Msichana wa upande wangu alipomaliza na wote wakanigeukia, Jamleck alichukua ile Biblia mikononi mwangu taratibu, kama anayechukua kikombe.

"Huu mstari naupenda," aliwaambia. "Ivyne ameniachia."

Akausoma. Kisha akasoma na wake. Wengine walimcheka, wakamuuliza tangu lini anapenda majina ya miji. Alicheka nao. Hakunitazama, hakunikonyeza, na baadaye hakuja kunikumbusha. Alinifunika, akaendelea na mambo yake.

Nilienda nyumbani nikiwa na deni la shukrani kubwa kuliko mwili wangu, na sikuwa na mdomo wa kulilipa.

Mwezi uliofuata Jamleck aliomba vijana wamwombee. Jimu moja ya Kilimani ilikuwa ikitafuta mtu wa kufundisha wateja kunyanyua vyuma, na mtu aliyemwona akibeba nyama alikuwa amemtajia nafasi hiyo. Angejaribiwa wiki nzima, kuanzia Jumatatu. Alisema kwa mzaha kwamba shida si vyuma, shida ni kuwa hana tisheti hata moja isiyopasuka kwapa, na watu wa Kilimani wataona kwapa kabla ya kumwona yeye.

Kesho yake Debra alifungua robota jipya la mitumba. Katika rundo nikaiona: bluu iliyokolea, pamba nzito yenye kuvutika kidogo, shingo iliyoshuka. Mabega yake yalikuwa ya Jamleck. Nilijua kama mtu anavyojua sauti ya ndugu yake gizani. Nilimwomba Debra anikate mshahara, akanipa bila kuuliza, ila alitabasamu. Nyumbani niliipunguza ubavuni kwa sindano ya mkono. Kisha nikafumua mshono wa bega la kushoto, nikaushusha kwa upana wa kidole, nikaufunga tena kwa mishono midogo ambayo mtu haioni asipoitafuta.

Nilimpa bombani asubuhi ya Jumamosi, ikiwa imefungwa kwa gazeti. Nilisema, "Ni ya Jumatatu. Asante kwa ule mstari." Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia. Niliondoka na ndoo ikiwa nusu.

Alipata kazi. Philister aliniletea habari hiyo mwisho wa wiki ile, akasema ploti nzima inajua, na kwamba Jamleck anavaa tisheti moja kila siku, anaifua usiku, anaivaa tena asubuhi. Nilijifanya nachagua mchele. Moyo wangu ulikuwa unaruka kama kuku aliyefungwa miguu.

Jumamosi, saa tisa mchana, Mama Macharia alimtuma mtoto wa jirani kuniita.

Mama Macharia, ambaye jina lake ni Hannah, alikuwa mjane mrefu asiye na maneno ya kupoteza. Wapangaji walimwogopa lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba amemdhulumu. Nilimkuta sebuleni ameketi wima, tisheti ya bluu magotini mwake. Jamleck alikuwa amesimama karibu na dirisha, ameinamisha kichwa. Sikuambiwa niketi.

Aliniambia alikuwa akianua nguo kambani. Mwanawe alikuwa amesahau tisheti nje, na yeye alipoikunja aliona bega moja limefumuliwa na kushonwa kwa mkono. Alidhani ni kuchanika. Alipomvalisha mwanawe na kumgeuza kwenye mwanga, alielewa.

"Nani alikupima?" alimuuliza tena mwanawe, mbele yangu.

"Hakuna, Mama. Nimekwambia."

"Wewe nyamaza kwanza." Akanigeukia. "Sasa wewe msichana, kuja hapa. Nimeshonewa nguo na mafundi miaka arobaini. Fundi anapima kwa futi, anapima tena, na bado anakosea. Wewe umeshonea kijana wangu nguo, na imekaa kama ngozi yake. Bega moja umeshusha. Mimi niliyemzaa sikujua bega lake moja liko chini. Wewe umejulia wapi?"

Nilielewa anachofikiri. Kwa watu wa kwetu na wa kwao pia, nguo inayomkaa mtu vile bila futi ina maana moja tu: mikono imepita hapo. Na chini ya hasira yake nilisikia kitu kingine, sauti ya mama aliyegundua kwamba kuna mtu anamjua mwanawe kuliko yeye. Hicho ndicho kilichokuwa kibaya zaidi. Hasira ingepoa. Lile jeraha lingeendelea kuuma.

Nilisema kwamba sijawahi kumshika. Alisema kila msichana husema hivyo. Alisema hana neno na dada yangu, na hana neno na sisi tuliotoka magharibi mwa nchi, lakini ploti yake si mahali pa kuchezea wanawe, na mwisho wa mwezi angetaka chumba chake. Nilimwona Philister akilini, akitembea Mutuini yote kutafuta chumba kingine, na wanawake wa kanisa wakimuuliza kwa nini tumehama, wakijua jibu.

Jamleck akasema, "Mama, huyu hata mkono hajawahi kunisalimia nao."

"Basi amejuaje?"

Hapo woga ukanisukuma kusema neno ambalo ningetoa chochote nilimeze tena. "Ni kazi yangu, Mama. Mimi huwachagulia wanaume wengi. Jamleck kwangu ni kama mwanamume mwingine yeyote."

Nilimtupia jicho. Sikutaka, lakini jicho lilikwenda. Alikuwa ameinua kichwa kunitetea, na nikaona uso wake ukizima polepole, kama jiko la makaa lililomwagiwa maji. Alirudi kutazama dirishani. Mgongo wake ulikuwa mpana vilevile, lakini ulionekana umelegea.

Mama Macharia hakuuona uso ule. Alikuwa akiniangalia mimi. Aliikunja tisheti mara nne, akaikunjua. Mwishowe alisema hataki kumhukumu mtoto wa wenyewe kwa jambo asilolijua. Kama ni kazi, kazi huonekana. Jumanne angekuja kwetu mjini na wanaume watatu, na mimi ningewachagulia mbele yake bila kuwagusa.

"Ukiweza, nitakuomba msamaha mbele ya dada yako. Ukishindwa, utafunga vitu vyako."

Siku zile mbili sikula vizuri. Philister alinilaumu kwa kutoa zawadi, kisha akanikumbatia, kisha akanilaumu tena. Debra nilipomweleza alicheka mpaka akaketi juu ya robota. Alisema huo si mtihani, hiyo ni kama kumpa samaki mtihani wa kuogelea. Lakini mimi sikuwa nikifikiria mtihani. Nilikuwa nikifikiria ule mgongo dirishani.

Jumanne walifika saa nne. Mama Macharia alikuwa amejifunga kitambaa chake cha kichwa cha kwenda kanisani na ameshika mkoba kifuani kwa mikono miwili, maana hakuupenda mji. Nyuma yake walikuwa wanawe wawili, Macharia na Jamleck, na mpangaji mwenzetu mmoja, Odero. Macharia alikuwa mchimbaji wa visima, mtu wa kifua kama pipa. Odero alikuwa fundi wa mawe, mwenye mikono minene na mdomo usiofungwa. Kibanda chetu kilijaa pomoni. Msichana wa viatu akaja kusimama mlangoni, na fundi wa simu akaacha kazi yake.

Odero aliniomba nimchagulie tisheti ya kumletea bibi, maana aliyonayo imemletea fundi mwenzake tu, kuja kuiazima. Watu wakacheka. Mama Macharia hakucheka. Aliweka masharti: nisiwaguse, nisiwaambie wageuke, na lebo nisisome.

"Lebo huwa hasomi," Debra akasema. "Hiyo ndiyo siri ya biashara yetu."

Nilianza na Macharia. Nilimtazama mabega, shingo, mkono. Nilinyoosha mkono kwenye rundo, nikagusa moja nyeusi, nikaiacha, nikavuta ya kijivu. Akaenda kuivaa nyuma ya pazia. Alipotoka, ilikuwa nguo nzuri. Mtu yeyote angeinunua. Lakini mshono ulikuwa umeteremka kidole kimoja chini ya mfupa, na tumboni palibaki nafasi. Mama Macharia aliinama kutazama, akaguna kidogo. Alikubali kwamba imemkaa vizuri kuliko zile anazojinunulia mwenyewe.

Odero akafuata. Nilichukua ya kijani, nikairudisha, nikachukua nyekundu. Ilimtosha kifua, lakini mikono yake ilikuwa na nafasi ya vidole viwili. Alijigeuza mbele ya kioo akasema bibi atakayekuja kwa nguo hiyo atakuwa mvumilivu.

Nilihisi macho ya Debra. Nilipomtazama, alikuwa amekunja uso kama mtu aliyesikia saa ikigonga vibaya. Aligeuka akaanza kupanga hanga ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Kisha Jamleck. Alikuwa amesimama mwisho, karibu na mlango, akitazama barabarani chini. Tangu waingie hakuwa amenisalimia. Nilimtazama mara moja tu, nikafunga macho, na mkono wangu ukaenda wenyewe hadi chini kabisa ya rundo la tatu, ukatoa tisheti ya kahawia. Niliiweka mezani. Nilichukua pini, nikashika ubavu hapa na hapa. Nikakunja bega la kushoto kwa upana wa kidole, nikalifunga kwa pini mbili. Tulisikia redio ya ghorofa ya chini.

Akaivaa. Akatoka.

Msichana wa viatu alisema, "Haiya," kwa sauti ndogo.

Hapakuwa na mkunjo hata mmoja. Mshono ulilala juu ya mfupa kulia, ukalala juu ya mfupa kushoto. Mikono iliishia katikati ya msuli, na kidole kimoja tu kingepita. Kwa mara ya kwanza Jamleck alionekana mtu aliyesimama wima, kumbe siku zote ni nguo iliyokuwa imepinda. Alijitazama kwenye kioo. Halafu akanitazama mimi katika kioo hichohicho, na mimi, niliyefundishwa kutotazama nyuso, nilishindwa kuondoa macho.

Mama Macharia aliweka mkoba wake chini. Sikuwahi kumwona akiuweka chini.

"Hawa wawili umekosea kidogo," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Huyu hukukosea."

"Ndiyo."

"Na hujamshika. Nimeona kwa macho yangu. Unafanya kwa kutazama." Akawanyooshea kidole Macharia na Odero. "Hawa umewatazama leo. Huyu umemtazama siku nyingi."

Nilitazama sakafu, na nadhani masikio yangu yaliyokuwa yakiwaka yalijibu kwa niaba yangu, maana Odero alikohoa na kusema anatoka nje kupunga hewa, akamvuta Macharia mkono.

Mama Macharia hakuniuliza tena. Alimwendea mwanawe, akaweka kiganja chake juu ya bega la kulia, na kingine juu ya la kushoto. Aliyapima hivyo kwa muda.

"Lilianza lini?"

"Mwaka wa pili machinjioni, Mama. Haliumi sana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Ulikuwa unasomesha Macharia chuoni."

Alitikisa kichwa. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika, akayafuta kwa ncha ya kitambaa cha kanisani. Alisema amefua nguo za kijana huyu tangu zikiwa ndogo kama kiganja, akazianika, akazikunja, na hakuona. Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa nyingine.

"Nilikuita nyumbani kwangu nikakutukana. Nitamwambia dada yako kwamba nilikosea, kama nilivyoahidi. Lakini kuna lingine, na hilo nakwambia wewe. Asante kwa kuniangalilia mtoto."

Nilitaka kusema kwamba mimi ndiye wa kushukuru. Nilitaka kumweleza habari za ule mstari wenye majina ya miji, na Biblia iliyotoka mikononi mwangu taratibu. Nilisema tu, "Karibu, Mama."

"Sijasema ndiyo ya kitu chochote," aliongeza akiokota mkoba. "Kuna watu wa kuongea nao, na dada yako ni mmoja wao. Lakini Jumapili baada ya ibada ukuje unywe chai. Ukuje kwa mlango wa mbele, si wa huko bombani."

Alitoka akiwafuata wengine. Debra naye alikumbuka ghafla kwamba ana jambo la kuuliza kwa fundi wa simu. Tukabaki wawili, Jamleck na mimi, na pini nne katika tisheti ya kahawia.

Nilimwambia aivue niishone. Hakuivua.

"Ulisema mimi ni kama mwanamume mwingine yeyote," alisema.

"Nilisema."

"Niliumia, Ivyne. Nimekuwa nikivaa ile ya bluu kila siku nikidhani ina maana. Nikasikia hivyo, nikasema basi, ni kazi tu. Hata leo sikutaka kuja." Aligusa pini za bega la kushoto. "Na sasa? Bado niko kama wengine?"

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamesimama kwa foleni, na hata moja halikukubali kutangulia. Nilitikisa kichwa tu. Hapana.

Alitabasamu polepole, tabasamu la mtu ambaye hana haraka. "Sawa," alisema. "Nitangoja yatoke. Mimi nimezoea kubeba vitu vizito."

Alingoja kweli. Aliningojea miezi, hadi nikaanza kuongea naye bombani bila kutazama ndoo, hadi nikasoma mstari mzima mbele ya vijana kwa kidole, yeye akiwa kando yangu na mikono yake magotini. Hakuwahi kuniharakisha. Mama yake alinifundisha kukamua ng'ombe na kunisema nilipokamua vibaya, na aliponisema alinisema kama mtu wa nyumbani. Wote hao wamenipa zaidi ya nilichostahili, na ndiyo sababu kuna jambo moja linanisumbua kila mtu anapoisimulia hadithi ya siku ile, akifika mahali pa kusema, "Hata Ivyne mwenyewe alikosea mbili."

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Debra alijua, akanifichia. Kwa hiyo nalisema hapa.

Macharia nilikuwa nimemwona akichimba kisima cha jirani kwa wiki tatu. Bega lake nililijua. Ile nyeusi niliyoigusa kwanza ndiyo iliyokuwa yake, na ingemkaa bila pini. Ya Odero ilikuwa ile ya kijani. Nilikuwa nazo mkononi zote mbili, nikazirudisha. Kama ningewapa hizo, zote tatu zingekaa sawasawa, mama yako angenisafisha jina, dada yangu angebaki na chumba chake, na wewe ungerudi Mutuini ukiamini ulichosikia sebuleni, kwamba ulikuwa mmoja kati ya watatu. Mdomo wangu haukuweza kulifuta lile neno. Nilikuwa na mikono tu, na rundo la nguo.

Jamleck, sikukosea mbili. Niliharibu mbili, mbele ya mama yako, huku chumba cha dada yangu kikining'inia, ili ujue ni wewe.